Nani huyo? Mafumbo ya watu mashuhuri kutoka mwambao wa Ziwa Mweru

Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora. Mwaka 1867 alipigana na mtawala mwenye nguvu katika nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, akamshinda. Miaka ishirini baadaye aliteuliwa kuwa gavana kwa niaba ya mfalme wa Ulaya ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Kongo. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, akafariki nyumbani kwake Unguja mwaka 1905. Nani huyo?

Wengi watakuwa wamelitaja jina lake kabla ya kufika kidokezo cha mwisho: Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip. Wachache watakuwa wamemtambua katika kidokezo cha pili, na hao ndio ambao mchezo huu umetungwa kwa ajili yao. Kanuni yake ni nyepesi. Mtungaji humchagua mtu mmoja wa historia, huandika mambo manne au matano ya kweli kuhusu maisha yake, kisha huyasoma moja baada ya jingine, akianza na lililo gumu na kumalizia na lililo wazi. Anayejibu mapema hupata alama nyingi. Anayesubiri hadi mwisho huambulia moja.

Mchezo huu una mizizi katika jambo ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili alilelewa nalo. Mmoja husema "kitendawili", wengine huitikia "tega", na wakishindwa hudaiwa mji: "nipe mji". Tofauti ni kwamba jibu la kitendawili cha jadi huwa yai, kivuli, moshi au kaburi, yaani kitu ambacho kila mtu amekiona. Jibu la fumbo la historia ni binadamu aliyeishi mara moja tu, mahali fulani, na ambaye maisha yake yanaweza kuhakikiwa. Kwa hiyo mtungaji hana uhuru wa mtega kitendawili. Hawezi kupamba.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili walioko Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Mweru, mchezo huu una uzito zaidi ya burudani. Lugha kuu ya mkoa wa Luapula ni Kibemba, na Kiswahili hapa ni lugha ya wachache. Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 ili kuwapokea watu waliokimbia vita kusini-mashariki mwa Kongo, na wengi wao walivuka mpaka wakiwa na Kiswahili vinywani. Ni rahisi basi kwa mtoto anayesoma katika shule ya eneo hilo kuamini kwamba lugha ya wazazi wake iliwasili juzi pamoja na mabango ya mashirika ya misaada. Mafumbo ya watu waliopita katika mwambao huu yanaonyesha kwamba Kiswahili kilisikika hapa zaidi ya miaka 150 iliyopita. Yanaonyesha pia kwamba kilikuja katika misafara iliyobeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa, na mtungaji mwaminifu hawezi kuichukua nusu ya kwanza ya habari hiyo na kuiacha ya pili.

Jina moja, maelezo matatu

Turudi kwa Tippu Tip, kwa kuwa jina lake lenyewe ni somo. Mtungaji wa mafumbo hupenda kutumia majina ya utani kama vidokezo: "Watu walimwita hivi kwa sababu fulani." Lakini sababu gani? Yeye mwenyewe, katika tawasifu yake, alieleza kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake, tip, tip, kama walivyousikia watu waliozikimbia. David Livingstone, aliyekuwa katika nchi hiyo hiyo mwaka ule ule wa 1867, aliandika katika shajara yake maana nyingine kabisa: kwamba baada ya kumshinda Nsama wa Itabwa, mfanyabiashara huyo alizitazama mali alizoteka na kujiita Tipo Tipo, yaani mkusanyaji wa utajiri. Maelezo ya tatu, ambayo pengine ndiyo yanayosimuliwa zaidi, ni kwamba alikuwa na tabia ya kupepesa macho.

Maelezo yote matatu hayawezi kuwa asili ya jina moja. Mtungaji asiye makini huchagua lile linalomvutia na kulisoma kama ukweli uliothibitika. Aliye makini hutaja chanzo: "Kwa maelezo yake mwenyewe, jina lake lilitokana na mlio wa bunduki." Maneno hayo manne ya mwanzo yanakiweka kidokezo upande wa kweli, hata kama Livingstone alikuwa sahihi.

Tawasifu hiyo ni hazina kwa anayetunga mafumbo kwa Kiswahili, kwa kuwa ni miongoni mwa vitabu vichache vya karne ile ambamo mhusika wa habari ndiye msimuliaji, katika lugha yake. Aliiandika kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akaihamishia katika herufi za Kilatini na kuichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Msomaji wa leo anaweza kufuata kwa Kiswahili safari zilizompeleka mwandishi karibu na ziwa hili. Lakini ni maneno ya mtu anayejieleza mwenyewe uzeeni, naye hana haraka ya kusimulia yaliyowapata wale aliowateka.

Mtihani wa "wa kwanza kuvuka bara"

Hapa kuna fumbo ambalo huwaangusha hata walimu. "Alivuka bara la Afrika kutoka upande mmoja wa bahari hadi mwingine katika karne ya 19, akaandika shajara ya safari yake." Karibu kila mtu hujibu: Livingstone. Jibu hilo halina kosa kwa sababu Livingstone kweli alivuka, kutoka Luanda mwaka 1854 hadi Quelimane, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, mwaka 1856. Kosa liko katika kidokezo. Maneno hayo hayo yanamfaa mtu mwingine aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 40, na safari yake ilipita katika bonde la Luapula.

Jina lake ni Pedro João Baptista. Yeye na mwenzake, ambaye katika vitabu vingi huitwa Amaro José, walikuwa pombeiro, yaani mawakala wa biashara Waafrika waliotumwa bara na wafanyabiashara Wareno wa Angola. Waliondoka Cassange mwaka 1802. Walifika katika mji wa Mwata Kazembe, kusini mwa Ziwa Mweru, mwaka 1806, na hapo wakazuiliwa kwa takriban miaka minne. Hawakufungwa minyororo, lakini hawakupewa ruhusa ya kuondoka. Mwaka 1811 walifika Tete, katika bonde la Zambezi, na baadaye wakarudi Angola kwa njia waliyoijia. Baptista aliandika habari za safari siku baada ya siku. Tafsiri ya Kiingereza ya maandishi hayo ilichapishwa London mwaka 1873, katika kitabu kimoja na habari za Wareno wengine waliomtembelea Kazembe.

Yuko pia wa tatu. Said bin Habib, Mwarabu wa Zanzibar, alisafiri katika miaka ya 1850 kutoka pwani ya mashariki hadi Luanda na kurudi, na masimulizi yake yalichapishwa. Livingstone alikutana naye katika bonde la juu la Zambezi kabla ya yeye mwenyewe kukamilisha safari yake ya kuvuka bara.

Kwa hiyo kidokezo kilichoonekana kuwa cha mtu mmoja kinawaelekea watatu: Mskochi, Mwafrika wa Angola na Mwarabu wa Unguja. Kwa nini basi jibu linalokuja mdomoni ni moja tu? Hapa mchezo unafichua jambo ambalo kitabu cha shule hakisemi waziwazi. Umashuhuri hauendani na tendo peke yake. Unaendana na nani aliyechapisha, kwa lugha gani, na nani aliyesoma. Shajara ya Baptista ilikaa katika karatasi za serikali ya Ureno. Vitabu vya Livingstone viliuzwa kwa maelfu. Mtungaji wa mafumbo anayetaka kuwatendea haki wote watatu hana budi kuongeza kidokezo kinachowatenganisha, kwa mfano: "Alizuiliwa katika mji wa Kazembe kwa miaka minne." Hicho hakimfai Livingstone.

Kwa sababu hiyo hiyo, maneno "mgunduzi wa Ziwa Mweru" hayafai kuwa kidokezo. Livingstone aliliona ziwa hilo tarehe 8 Novemba 1867, na tarehe hiyo ni kidokezo kizuri, kwa kuwa imo katika shajara yake. Lakini neno "mgunduzi" si habari ya maisha yake. Ni maoni kuhusu watu waliokuwa wakivua samaki pale siku hiyo.

Kazembe yupi?

Mtego mkubwa kuliko yote katika mwambao huu ni jina Kazembe lenyewe. Si jina la mtu. Ni cheo cha mtawala wa Walunda wa Luapula, ambao asili yao inarudi kwa Mwata Yamvo upande wa magharibi, na cheo hicho kimerithiwa kwa vizazi hadi leo. Mwata wa sasa, aliyesimikwa mwaka 1998, ni wa 19. Fumbo linalosema "aliwapokea Wareno katika mji wake" linahitaji namba, la sivyo ni sawa na kuuliza "papa yupi?" bila kutaja karne.

Vitabu vya wageni vimechangia mkanganyiko huo. Francisco José de Lacerda e Almeida, aliyefika mwaka 1798, alikuta utawala wa Kazembe wa Tatu, Lukwesa Ilunga. Wale pombeiro wawili walimkuta mrithi wake, Kibangu Keleka, na Kibangu Keleka huyo ndiye aliyempokea Mreno Gamitto mwaka 1831. Livingstone alimkuta wa saba, Muonga. Katika maandishi ya wote hao mtawala anaitwa tu "Cazembe" au "Casembe", kana kwamba mzee mmoja aliishi miaka 70 kwenye kiti kile kile akisubiri kupokea wageni. Livingstone mwenyewe alitoa dawa ya kosa hilo bila kukusudia. Katika mji wa Kazembe alimkuta mfanyabiashara aliyeitwa Mohammed bin Saleh, mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa amezuiliwa katika nchi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Na aliandika kwamba mzee huyo alikuwa ameishi na Kazembe wanne. Livingstone alimwombea ruhusa, naye akaondoka pamoja naye. Mohammed bin Saleh angekuwa jibu bora la fumbo lolote, kwa kuwa maisha yake yanathibitisha uwepo wa wafanyabiashara wa kutoka pwani hapa kabla ya Mwingereza yeyote kufika, lakini nje ya kurasa za shajara hiyo ni wachache wanaomfahamu.

Walunda hawakusubiri wageni wawaandikie historia. Kila Mwata ana majina yake ya sifa, yanayotamkwa katika hafla za kifalme, na majina hayo ni vidokezo vya maisha katika umbo lake la zamani kabisa: alishinda wapi, alitenda nini, watu waonywe nini kumhusu. Sifa hizo huimbwa kwa lugha yenye asili ya Kiluba, si Kibemba cha kila siku, hivyo hata mkaazi wa Mwansabombwe anaweza kuzisikia bila kuzielewa zote. Katika karne ya 20, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alisimamia uandishi wa historia ya watu wake kwa Kibemba, katika kitabu kiitwacho Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi. Na kila mwaka, mwishoni mwa Julai, sherehe ya Mutomboko huonyesha kwa ngoma ya Mwata mwenyewe jinsi mababu walivyovuka mito na kuiteka nchi. Mtungaji wa mafumbo anayeishi Nchelenge ana vyanzo vya aina mbili mlangoni pake. Anayetumia kimoja tu atajikuta kila mara akiuliza habari za wageni na kamwe hasemi lolote la wenyeji.

Lacerda, kwa upande wake, ni fumbo tamu kwa sababu vidokezo vyake havielekei kuwa vya mtu mmoja. Alizaliwa Brazil. Alisomea hisabati na elimu ya nyota. Alikuwa gavana katika bonde la Zambezi. Alifariki tarehe 18 Oktoba 1798, muda mfupi baada ya kufika karibu na mji wa Kazembe, bila kutimiza azma yake ya kuvuka hadi Angola. Ukiyasoma hayo mbele ya watu, utaona wanavyotazamana.

Wakusanyaji wawili

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, iko Luanza. Hapo aliishi mmisionari Mskochi Dan Crawford, aliyeingia Afrika mwaka 1889 na kukaa zaidi ya miaka 20 bila kurudi kwao hata mara moja. Wenyeji walimwita Konga Vantu, yaani mkusanyaji wa watu. Mtu akiliweka jina hili kando ya lile ambalo Livingstone alimwandikia Tippu Tip, mkusanyaji wa utajiri, atapata fumbo la aina yake: wakusanyaji wawili, nchi moja, tofauti ya miaka isiyozidi 30.

Lakini kwa nini kulikuwa na watu wa kukusanya? Jibu liko katika maisha ya mtu wa tatu, ambaye huenda ndiye mwenye vidokezo vizito kuliko wote katika eneo hili. Alizaliwa katika nchi ya Wanyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo. Baba yake alifanya biashara ya shaba. Alihamia Katanga, akaanzisha ufalme ambao haukuwahi kuwepo, akajenga mji mkuu Bunkeya, na akatajirika kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1890 alikataa kutia saini mkataba aliopelekewa na Mwingereza Alfred Sharpe. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1891, alipigwa risasi na kuuawa na Omer Bodson, ofisa wa msafara uliotumwa kwa manufaa ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Bodson naye aliuawa na watu wa mfalme huyo.

Ni Msiri, ambaye pia huitwa Mwenda na Ngelengwa. Kifo chake kilivunja Bunkeya. Watu walitawanyika, na wengi wao walimfuata Crawford hadi ufukweni mwa Mweru. Mpaka kati ya maeneo ya Waingereza na ya Leopold ulipita kwenye ziwa na mto Luapula, na jamaa za watu wale wale wakajikuta katika nchi mbili.

Fumbo la Msiri linamlazimu mtungaji kuamua jambo ambalo hawezi kulikwepa. Akianza na "alikataa kuuza nchi yake kwa wakoloni", amemchora shujaa. Akianza na "aliuza watumwa", amemchora dhalimu. Vyote viwili ni kweli. Mpangilio wa vidokezo, ambao katika mchezo huu unadhaniwa kuwa suala la ugumu na wepesi tu, ni hukumu. Mtungaji mwadilifu huviweka vyote viwili ndani, na havitenganishi kwa umbali unaomfanya msikilizaji akisahau cha kwanza anaposikia cha pili. Msikilizaji ambaye babu yake aliuzwa na ambaye babu yake alikuwa askari wa Bunkeya huenda wamekaa kwenye benchi moja.

Mahali pa kuzaliwa

Watungaji wengi huanza na mahali pa kuzaliwa kwa mazoea, kwa kuwa kila wasifu huanza hapo. Zambia ina sababu ya kulitazama jambo hilo kwa tahadhari. Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa nchi hiyo, alizaliwa Lubwa, katika wilaya ya Chinsali, tarehe 28 Aprili 1924, na wazazi wake walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Aliiongoza Zambia kwa miaka 27. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili waliokuwa Wazambia, na mabadiliko hayo yakamfungia mlango. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Ndola ilitamka kwamba hakuwa raia wa nchi yoyote. Baadaye uraia wake ulirejeshwa.

Kwa msikilizaji aliyezaliwa Pweto na kulelewa Mantapala, hicho si kidokezo cha mchezo tu. Kinaonyesha kwamba swali "wazazi wake walitoka wapi?" liliwahi kuulizwa mahakamani dhidi ya mtu aliyeipandisha bendera ya nchi hiyo kwa mara ya kwanza. Inafaa mtungaji akitumie kidokezo hicho, lakini akitumie kikamilifu: mahali alipozaliwa Kaunda, asili ya wazazi wake, na yale yaliyotendwa na mahakama kwa habari hizo.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Mfano ulio karibu zaidi ni Kilwa. Mtu wa pwani akisikia "alifika Kilwa" humwazia mara moja Ibn Battuta na mahekalu ya mawe ya Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania. Lakini katika Ziwa Mweru kuna kisiwa cha Kilwa, upande wa Zambia, na kwenye ufukwe wa Kongo upo mji wa Kilwa pia. Fumbo linalotaja Kilwa bila kueleza ni Kilwa ipi halijawa gumu, limekuwa bovu.

Tarehe zinazogombana

Hata shajara iliyoandikwa siku ile ile haiaminiki bila kuangaliwa. Mkutano wa Livingstone na Henry Morton Stanley huko Ujiji, mwaka 1871, una tarehe mbili. Stanley aliandika tarehe 10 Novemba. Kwa hesabu ya shajara ya Livingstone, mkutano huo ulitokea mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili waliosimama uso kwa uso hawakukubaliana hata kuhusu mwezi, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ameugua na kusafiri kwa miaka mingi na hesabu yake ya siku ilikuwa imeteleza. Katika hali kama hiyo mtungaji hutaja mwaka peke yake. Hapungukiwi kitu: hakuna msikilizaji anayemtambua Stanley kwa siku ya mwezi.

Kinachomsaidia msikilizaji ni maelezo madogo yenye mwili. Kwamba James Chuma na Abdullah Susi waliubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu, hadi Bagamoyo, safari iliyochukua miezi mingi, kunamtambulisha kila mmoja wao kuliko orodha ya tarehe kumi. Kwamba Mabel Shaw alifika Mbereshi mwaka 1915 na kuendesha shule ya wasichana hadi mwaka 1940 kunatosha kwa mtu yeyote wa bonde la Luapula ambaye bibi yake alisoma pale.

Kabla ya kusoma fumbo mbele ya watu, watungaji wenye uzoefu hulijaribu kwa njia moja. Humtafuta mtu mwingine wa zama zile zile, mwenye kazi ile ile, na kuona kama vidokezo vitatu vya kwanza vinamfaa pia. Vikimfaa, fumbo linaanza vizuri: msikilizaji ana sababu ya kusita. Vidokezo vyote vitano vikimfaa, fumbo lina majibu mawili, na mtungaji anarudi kazini.

Kwa wanaotaka kujipima kabla ya kukaa na wenzao, hili hapa moja la mwisho, lililotungwa kwa kanuni hiyo. Alizaliwa Katanga katika miaka ya 1920. Alitoka katika ukoo wa kifalme, na ndugu yake alikuwa chifu. Mwaka 1960 alikuwa waziri wa mambo ya ndani katika serikali iliyojitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Alifariki mwaka 1992. Babu yake aliuawa kwa risasi mwezi Desemba 1891.

Jibu: Godefroid Munongo.